Dakta Krapf, Mtu Aliyemngoja Bwana

Katika nchi ya Endulen, karibu na shimo kubwa la Ngorongoro, Wamasai husema lugha ya Kimaa. Kitabu kimoja katika vile vya kwanza vya maneno ya lugha hiyo kilipigwa chapa mwaka 1854. Mwandishi wake hakufika Endulen kamwe. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf. Mtu huyu alimtazamia Bwana Yesu arudi, wala kungoja kwake hakukumfanya mvivu.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, nchi ya Württemberg, katika Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto alipigwa na jirani kwa kosa asilolitenda, akalala mgonjwa miezi mingi. Siku zile akazoea kusoma Biblia.

Wakristo wengi wa Württemberg walifikiri sana habari za kurudi kwa Kristo. Mwalimu wao mmoja, Bengel, aliyefariki mwaka 1752, alikuwa amepiga hesabu kwa kuyachunguza Maandiko, akaona ya kuwa mwaka 1836 utaleta mambo makuu ya mwisho. Mwaka ule ukaja, ukapita, na dunia ikabaki kama ilivyokuwa. Kwani Maandiko yenyewe yafundisha ya kuwa siku ile haijulikani na mtu. Mwaka uliofuata Krapf akafunga safari kwenda Uhabeshi, akitumwa na chama cha misioni cha CMS. Hakukaa kuhesabu miaka, bali alishika kazi.

Alipofungiwa njia ya Uhabeshi, alifika Unguja mwezi wa Januari 1844 pamoja na mkewe Rosine. Sultani Seyyid Said akampokea kwa heshima, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Ndipo wakaenda Mombasa.

Hapo msiba mkubwa ukawapata. Mwezi wa Julai mwaka uo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa kali ikawashika wote. Rosine akafa, na baada ya siku chache mtoto naye akafa. Kabla ya kufa Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao kazi iliyowaleta. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama vema, lakini alihakikisha mkewe amezikwa kama alivyotaka. Kisha akawaandikia wakuu wake Uingereza ya kuwa kaburi lile ni dalili kwamba kazi imeanza katika pwani hii. Mtu asiye na tumaini angaliweza kuliita kaburi lile mwisho. Krapf aliamini ya kuwa Bwana ajapo atawafufua waliolala, kwa hiyo alililia, kisha akasimama.

Wakati ule alikwisha kuanza kufasiri Maandiko kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhedin. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann akaja, nao wakajenga Rabai. Mavuno yalikuwa haba. Mtu wa kwanza kumwamini Kristo huko alikuwa Mringe, kiwete maskini, naye alibatizwa alipokuwa karibu kufa. Hata hivyo Krapf alitembea bara mpaka Ukambani, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona mlima wa Kenya wenye theluji. Wataalamu wengine wa Ulaya hawakusadiki. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kikapigwa chapa. Kwa msaada wa kijana mmoja Mkwavi alikusanya pia maneno ya Kimaa, ndicho kile kitabu cha mwaka 1854.

Mwaka 1853 afya yake ilikuwa imeharibika, akarudi kwao. Alikaa Korntal akiendelea kuandika kamusi kubwa ya Kiswahili. Mwaka 1875, si mbali na kaburi la Rosine, kulianzishwa Frere Town, makao ya watu waliookolewa katika utumwa. Mbegu iliyolala udongoni ilikuwa imeanza kuchipuka, naye alikuwa hai apate kuzisikia habari hizo.

Mwezi wa Novemba 1881, jioni moja, mzee Krapf alizungumza na rafiki yake juu ya kurudi kwa Bwana. Akasema ya kuwa anauona wakati ule kuwa karibu sana, na ya kuwa yawapasa watu kujiweka tayari. Kisha akaingia chumbani mwake. Asubuhi ya tarehe 26 alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa. Kamusi yake ilitoka London mwaka uliofuata.

Mtumishi mwema hasimami mlangoni mchana kutwa akitazama njia ya bwana wake. Hulisha mifugo, huchota maji, hufagia ua. Na bwana wake ajapo, saa yo yote, humkuta kazini.