Mzee Ojwang': Mkikuyu Aliyevaa Ndimi ya Kijaluo

Wapenzi wa michezo ya kuchekesha ya televisheni hawahitaji kuambiwa Mzee Ojwang' Hatari alikuwa nani. Lakini wako wengi huku kwetu Pwani ambao hadi leo wanaamini kuwa mzee yule alikuwa Mjaluo. La hasha. Jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu.

Miaka ya 1980 nilikuwa nikifanya kazi mjini Kisii, na huko ndiko nilikouona ufundi wake ukipimwa na watu wanaojua kupima. Televisheni zilikuwa za kuhesabika. Ukitoka mjini kuelekea Nyamira, kwenye mashamba ya chai, nyingi ziliendeshwa kwa betri ya gari, na picha ikianza kuchengachenga kwa sababu ya milima, kijana hutolewa nje mvuani akazungushe mlingoti wa antena. Saa ya Vitimbi ikifika, majirani walijaa sebuleni hata wenye nyumba wakakosa pa kukaa.

Wakisii ni majirani wa Wajaluo. Hukutana nao kila mara katika masoko ya mpakani kama Oyugis na Sondu, hununua na kuuziana, na wengine wameoana. Lafudhi ya jirani yao wanaijua kama wanavyoijua njia ya mtoni. Laiti Wanjau angekosea, hao ndio wangekuwa wa kwanza kumkamata. Hawakumkamata. Na fikiri kazi aliyokuwa nayo: Mkikuyu mwenye lafudhi nzito huchanganya herufi r na l, Mjaluo hazichanganyi, bali sh humgeukia s. Ilimpasa Wanjau aikwepe mitego ya lugha ya mama yake, kisha aingie kwa hiari katika mitego ya lugha ya watu wengine, na asiteleze hata anapofoka.

Katika Vitimbi, mke wake alikuwa Mama Kayai, yaani Bibi Mary Khavere, ambaye ni Mluhya. Watazamaji wengi waliamini kuwa wawili hao ni mtu na mkewe kweli. Hawakuwa. Walionekana pia katika Vioja Mahakamani, mchezo mwingine wa Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 liligeuzwa jina likawa KBC.

Baadhi ya wazee wetu wa Pwani hawakumpenda. Walilalamika kwamba Vitimbi, ambalo ni neno letu wenyewe, limekuwa jina la mchezo wa kukiharibu Kiswahili. Mimi siafikiani nao. Asiyeijua lugha huivunja popote. Wanjau aliivunja pale tu palipoleta kicheko. Isitoshe, mchezo wake uliweza kutazamwa na baba, mama mkwe na watoto pamoja baada ya futari, bila mtu kuinamisha uso. Ni michezo mingapi ya sasa yenye sifa hiyo?

Lawama nzito zaidi ni ile ya kwamba kuiga lafudhi ni kulidhihaki kabila. Hilo si la kupuuzwa katika nchi iliyomwaga damu kwa sababu ya ukabila baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Lakini mtazame Ojwang' mwenyewe. Alikuwa mbishi, mwenye tamaa na majivuno, aliyependa kuogopwa nyumbani na asiogopwe na mtu. Makosa hayo hayana kabila. Wakisii niliokaa nao walimcheka kwa sababu walimwona baba wa nyumba ya pili, na pengine baba wa nyumba hiyo hiyo aliyeketi kiti cha mbele.

Umaarufu haukumtajirisha. Uzeeni macho yalimsumbua hata akakaribia kuwa kipofu, na ikabidi Wakenya wachangishane fedha ili atibiwe. Walichanga, nao ni ungwana. Lakini ni aibu kwamba mtu aliyechekesha taifa kwa miaka mingi hivyo hakuwa na akiba ya kulipia macho yake mwenyewe, na hali za waigizaji wenzake wengi hazikuwa bora kuliko yake.

Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa maradhi ya nimonia, akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi. Magazeti yalipotangaza kifo cha Benson Wanjau, yalilazimika kuliandika na jina la Ojwang', maana bila hilo wasomaji wengi wasingejua ni nani aliyekufa.