Louis Braille na Nukta Sita za Kuandikia

Katika somo la zana za kufundishia liko swali moja ambalo wanachuo hulipita upesi: zana hii imetengenezwa ili imfae nani? Mwanachuo huja na chati kubwa yenye rangi tatu, akaitundika ukutani, na mkufunzi anayemsahihisha, akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye chati hiyo, humpa alama nzuri. Mtoto wa dawati la nyuma hajaulizwa. Nimeona vyema katika makala haya nieleze maisha ya mtu mmoja ambaye naye hakuulizwa alipokuwa mwanafunzi, ambaye baadaye akawa mwalimu, na ambaye akiwa na umri wa miaka 15 tu alibuni chombo cha kusomea na kuandikia ambacho shule yake yenyewe ilichukua miaka 30 kukikubali rasmi.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, yapata kilomita 40 mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko na hatamu za farasi, na karakana yake ilikuwa hapo hapo nyumbani. Siku moja katika mwaka 1812, mtoto huyo wa miaka mitatu aliingia karakanani akaanza kumwiga baba yake kwa chombo chenye ncha kali cha kukatia au kutobolea ngozi. Chombo kikateleza, kikamchoma jicho. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuzuia uambukizo. Jicho likaoza, ugonjwa ukahamia jicho la pili, na alipofikia umri wa miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumficha ndani. Inasimuliwa kwamba baba yake alipigilia misumari yenye vichwa vya mviringo katika vipande vya ubao, akaipanga kwa maumbo ya herufi, ili mtoto azitambue kwa vidole. Padre wa kijiji, Jacques Palluy, alimfundisha nyumbani kwake, kisha akamwombea nafasi katika shule ya kijiji, ambako mwalimu Antoine Bécheret alimpokea pamoja na watoto wanaoona. Louis alisikiliza na kukariri, akawa miongoni mwa wanafunzi bora. Lakini wenzake walipofungua vitabu na kushika kalamu, yeye alibaki amekaa na mikono mitupu. Mwezi Februari 1819, akiwa na umri wa miaka 10, alipelekwa Paris katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Wasioona.

Shule hiyo ilitokana na kazi ya Valentin Haüy, aliyeianzisha katika miaka ya 1780, na ilikuwa ya kwanza ya namna yake. Haüy alikuwa mtu mwenye huruma na juhudi, na hapana budi tumheshimu. Njia yake ya kusomesha ilikuwa hii: karatasi nzito iliyoloweshwa maji iligandamizwa juu ya herufi kubwa za chuma, ikikauka herufi hubaki zimeinuka, na mwanafunzi huzifuata kwa kidole. Vitabu vya namna hiyo vilikuwa vichache, vizito na ghali. Mwanafunzi alilazimika kuzungusha kidole katika kila herufi mpaka aitambue, na alipofika mwisho wa sentensi ndefu huenda amekwisha kusahau mwanzo wake. Isitoshe, hakuna mwanafunzi aliyeweza kuandika mwenyewe kwa njia hiyo. Herufi zile zilikuwa herufi za watu wanaoona, zimeinuliwa tu; mgeni wa heshima aliyetembelea shule aliweza kuzisoma papo hapo kwa macho, akasifu.

Hapa yafaa nikiri kosa langu mwenyewe. Kwa muda mrefu nilikuwa na desturi ya kuandika muhtasari wa somo ubaoni, kuupiga picha kwa simu, na kuituma picha hiyo kwa wanachuo wote. Niliona nimerahisisha kazi. Mwanachuo mmoja asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, alinijia baada ya majuma kadhaa akanieleza kwa upole kwamba kila nilipotuma somo, simu yake ilimwambia neno moja tu, kwamba ni picha, kisha ikanyamaza. Picha ya maandishi si maandishi. Ziko programu zinazojaribu kuyatambua maandishi ndani ya picha, lakini mwandiko wa chaki huzishinda mara nyingi. Tangu siku hiyo huandika muhtasari kwa kuuchapa, herufi kwa herufi, na kama pana mchoro huueleza kwa sentensi mbili au tatu chini yake. Kazi hiyo hunichukua dakika 15 zaidi. Wanachuo wanaoona nao wameniambia kwamba maandishi yaliyochapwa hufunguka upesi na hula salio dogo kuliko picha.

Narudi Paris. Mwaka 1821 shule ililetewa mfumo mwingine, uliobuniwa na Charles Barbier, mtu aliyekuwa afisa wa jeshi na mwenye kupenda kubuni njia mpya za kuandika. Yeye aliacha kabisa maumbo ya herufi. Alizipanga sauti za Kifaransa katika jedwali la mistari sita yenye nafasi sita kila mmoja, na kila sauti ikaandikwa kwa safu mbili za nukta zilizoinuka: safu ya kwanza ilihesabu mstari, ya pili ikahesabu nafasi. Nukta hizo zilitobolewa katika karatasi kwa msumari mfupi wenye mpini, juu ya kibao chenye mifereji. Kwa mara ya kwanza wanafunzi wale walikuwa na kitu ambacho mikono yao iliweza kukitenda na vidole vyao kukisoma.

Lakini mfumo ulikuwa na kasoro, na kasoro hizo zilionekana kwa watumiaji kuliko kwa mbunifu. Sauti moja iliweza kudai nukta 12, mstari mrefu kiasi kwamba ncha ya kidole ilibidi ipande na kushuka ili kuzihesabu. Aidha, kwa kuwa uliandika sauti wala si herufi, haukufundisha tahajia. Haukuwa na alama za vituo, wala tarakimu, wala noti za muziki. Kijana Braille alianza kuufanyia kazi katika saa zake za ziada, usiku na wakati wa likizo nyumbani Coupvray, na kufikia mwaka 1824 alikuwa na mfumo wake.

Aliyoyafanya yanastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ni kazi ya mwalimu hata kabla hajawa mwalimu. Alichukua nukta sita tu, tatu kwenda chini katika safu mbili, mfano wa uso wa dadu wenye sita. Ncha ya kidole cha shahada huzifunika zote kwa mguso mmoja bila kupanda wala kushuka. Nukta hizo sita, kwa kuwapo au kutokuwapo, hutoa maumbo 63. Herufi kumi za mwanzo, a mpaka j, alizipa nukta nne za juu peke yake. Herufi kumi zinazofuata ni zile zile za kwanza zikiongezwa nukta moja chini kushoto; kundi la tatu huongezwa nukta zote mbili za chini. Basi anayejifunza hakariri maumbo yasiyo na uhusiano. Akizijua kumi za mwanzo amekwisha kupata ufunguo wa zilizobaki, na tarakimu nazo ni zile zile kumi zikitanguliwa na alama ya namba. Huko ndiko kwenda kutoka linalojulikana hadi lisilojulikana, jambo tunalolihubiri kila siku katika somo la mbinu.

Herufi moja huwatatiza wanafunzi wetu, nayo ni w, kwa kuwa haifuati utaratibu huo. Sababu ni ya kihistoria. Kifaransa cha wakati ule hakikuihesabu w katika alfabeti yake, kwa hiyo Braille hakuipangia nafasi, ikapachikwa baadaye kwa ajili ya lugha nyingine. Sisi wa Kiswahili hatuwezi kuandika hata neno mwalimu bila herufi hiyo, na yafaa mwanafunzi aelezwe asili yake badala ya kuambiwa akariri tu.

Mwaka 1828 Braille alifanywa mwalimu msaidizi katika shule ile ile, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, historia, jiografia, hesabu na muziki. Alikuwa pia mpiga kinanda mahiri makanisani. Kitabu chake cha kueleza mfumo kilitoka mwaka 1829, na ndani yake alimshukuru Barbier kwa kumwonyesha njia. Ajabu ni kwamba kitabu hicho kilipigwa chapa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa, zile zile alizokuwa akizikimbia. Toleo la pili la mwaka 1837 lilirekebisha mfumo kwa kuviacha vistari vilivyokuwamo mwanzoni, kwa kuwa vilikuwa vigumu kuandika kwa mkono.

Mkurugenzi Pignier alimwachia kijana huyu nafasi ya kufanya kazi, ingawa mfumo haukuwa rasmi. Hata hivyo liliendelea kuwapo pingamizi moja ambalo si la kijinga: wasioona wakiwa na mwandiko wao wenyewe, watatengwa na ndugu zao wanaoona, ambao hawataweza kusoma barua zao. Braille alilijibu kwa vitendo. Mwaka 1839 alitangaza njia ya pili, ambayo kwayo mtu asiyeona huandika herufi za kawaida kwa nukta nyingi ndogo zilizopangwa kwa vipimo, ili mzazi aweze kuzisoma kwa macho. Kazi ilikuwa ya polepole mno, lakini fundi mmoja asiyeona, Pierre Foucault, alimtengenezea mwaka 1841 mashine yenye vibonye kumi iliyoharakisha kazi hiyo. Hiyo ilikuwa miaka zaidi ya 30 kabla ya taipureta za Remington kuanza kuuzwa Marekani.

Jibu hilo halikutosha. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, na Armand Dufau akashika nafasi yake. Dufau alirudisha vitabu vya herufi zilizoinuka, za mtindo mpya, na akakataza nukta. Inasimuliwa kwamba hata vitabu vya zamani vilichomwa moto. Wanafunzi waliendelea kuandikiana kwa siri, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuonja kuandika mawazo yake mwenyewe hawezi kurudishwa kwenye kusoma tu. Braille wakati huo alikuwa akiugua kifua kikuu, ambacho dalili zake zilianza katika miaka ya 1830, na mara kwa mara alilazimika kuacha darasa. Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, aliyatazama mambo hayo, akamshawishi mkubwa wake. Mwezi Februari 1844, jengo jipya la shule lilipozinduliwa, Guadet alieleza hadharani historia ya nukta sita na kumtaja aliyezibuni, na wanafunzi wakaonyesha mbele ya wageni jinsi wanavyoziandika na kuzisoma. Braille alikuwapo.

Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Inasimuliwa kwamba aliacha kisanduku, akaagiza kichomwe bila kufunguliwa. Marafiki walipokifungua walikuta hati za madeni ya wanafunzi aliowakopesha fedha, ambayo hakutaka yadaiwe. Shule iliukubali mfumo rasmi mwaka 1854. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1878 uliupendekeza kwa nchi nyingine, na katika nchi zetu ulifika pamoja na shule za wasioona kama ile ya Thika, Kenya, iliyoanza mwaka 1946, na ya Buigiri karibu na Dodoma, iliyoanza mwaka 1950. Mwaka 1952 mabaki ya mwili wake yalihamishiwa Panthéon, mahali Ufaransa inapowazika watu wake wakuu, isipokuwa mifupa ya mikono, ambayo wanakijiji wa Coupvray waliibakiza kwao.

Siku hizi ziko mashine za kuchapa nukta hizo, na viko vyombo vinavyounganishwa na kompyuta na kuinua nukta chini ya vidole vya msomaji. Hata hivyo kibao na msumari bado vinatumika, kwa kuwa ni rahisi na havihitaji umeme, na mimi huwapa wanachuo wanaoona wavijaribu kwa kipindi kimoja. Ugumu wake ni kwamba karatasi hutobolewa kwa nyuma. Kwa hiyo mtu huandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi huigeuza kama inavyoonekana katika kioo, ili karatasi ikigeuzwa isomeke sawasawa. Mwaka jana mwanachuo mmoja alikumbuka kuanzia kulia, lakini akasahau kuzigeuza nukta. Alikuwa ameandika neno jiji kwa bidii kubwa, na jasho likimtoka. Mwenzake asiyeona alipitisha kidole juu ya mstari, akarudia mara ya pili, kisha akasoma kwa sauti: hehe. Darasa zima likacheka, naye akaomba karatasi nyingine.