Jean-Henri Fabre: Mwalimu Aliyefundishwa na Wadudu

Miongoni mwa watu waliotumia umri wao kuchunguza viumbe wa porini, ni wachache walio karibu na kazi yetu kama Mfaransa Jean-Henri Fabre. Wengi humjua kuwa bingwa wa elimu ya wadudu. Wanaokumbuka kwamba alisomea ualimu wa shule za msingi, katika chuo kama hiki chetu, ni wachache zaidi. Na wachache mno hujua kwamba mdudu wa kwanza aliyemfanya kuwa mtaalamu alionyeshwa na wanafunzi wake mwenyewe.

Fabre alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini, hata ikawabidi kumpeleka akiwa mdogo kwa babu na bibi yake waliokuwa wakulima na wafugaji katika nchi ya baridi na mawe. Huko ndiko alikofanya jaribio lake la kwanza. Alitaka kujua kama jua analiona kwa macho au kwa kinywa. Akafumba macho na kufumbua kinywa, jua likapotea; akafumbua macho na kufumba kinywa, jua likarudi. Jioni alipoitangazia jamaa habari hiyo kubwa, wote walimcheka isipokuwa bibi yake. Mwanachuo asiharakishe kucheka naye. Mtoto yule alikuwa na swali, akalitafutia njia ya kulijaribu, akabadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, akapata jibu lisilotegemea kauli ya mtu mwingine. Nimepata kusahihisha maandalio mengi ya somo la Sayansi ambayo hayakufikia hapo.

Alipotimiza miaka saba alirudishwa kijijini kuanza shule. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa pia jiko na chumba cha kulala cha mwalimu, na nguruwe na kuku waliingia humo walipotaka. Mwalimu alikuwa na kazi nyingine nyingi, kati yake kunyoa watu na kupiga kengele ya kanisa. Herufi hazikumwingia Fabre mpaka baba yake aliponunua picha kubwa iliyoonyesha kila herufi pamoja na mnyama ambaye jina lake huanza na herufi hiyo. Kwa siku chache tu alishika alichoshindwa kukishika kwa muda mrefu. Sisi tunaofundisha kusoma hatuna haja ya ushahidi mwingine juu ya manufaa ya zana za kufundishia.

Baba yake alihamahama kutoka mji hadi mji akijaribu kuendesha mikahawa, na kila mahali akashindwa. Masomo ya kijana yakakatika. Akiwa bado mvulana ilimlazimu kujitafutia riziki: aliuza malimau katika gulio la Beaucaire, akafanya kazi ya kibarua katika ujenzi wa reli. Siku moja alitumia senti zake za mwisho kununua kitabu kidogo cha mashairi, akala zabibu za njiani badala ya chakula. Katika hali hiyo aliposikia kwamba kuna mtihani wa kushindania nafasi ya kusomeshwa bure katika chuo cha ualimu wa shule za msingi cha Avignon, aliufanya akafaulu.

Maisha yake ya chuoni hayakuanza vizuri. Kulikuwa na imla, sarufi na hesabu, wala hapakuwa na nafasi ya elimu ya viumbe. Wakati imla ikisahihishwa, Fabre alikuwa ameinama akichunguza chini ya dawati lake mwiba wa nyigu, ganda la bawa la dundu, au tunda la mwoleanda. Matokeo yake ni rahisi kukisia: katika mwaka wa pili alihesabiwa miongoni mwa wanachuo walio nyuma, akaambiwa kwamba ni mvivu. Jambo hilo lilimchoma. Akaomba aruhusiwe kuingia mara moja katika masomo ya mwaka wa tatu, akajifungia na vitabu, akapata cheti cha juu cha ualimu kwa miaka miwili badala ya mitatu. Muda aliouokoa aliutumia kujifunza Kilatini na Kiyunani peke yake.

Mnamo mwaka 1842, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, alipewa kazi katika shule ya Carpentras kwa mshahara wa faranga 700 kwa mwaka. Darasa lake lilikuwa chumba chenye unyevu na giza, na baadhi ya wanafunzi walikuwa karibu rika lake. Hapo ndipo alipoonyesha moyo wa ualimu. Alipokuwa chuoni alikuwa ameona mara moja tu jaribio la kutengeneza oksijeni, na jaribio lenyewe lilikwenda mrama: chombo kilipasuka, asidi kali ikaruka, mwanachuo mmoja ikamwunguza usoni, na Fabre akamkimbiza penye maji. Kwa kumbukumbu hiyo mwalimu mwingine angaliridhika kuandika habari za oksijeni ubaoni. Fabre aliamua kufanya jaribio hilo mbele ya darasa ingawa hakuwa amelifanya kamwe. Akawaweka wanafunzi mbali na meza, akabaki karibu yeye peke yake, na oksijeni ikapatikana. Yafaa tuangalie alivyopanga mambo: hakuiacha hatari imzuie kufundisha, wala hakuwafanya watoto wailipie gharama ya ujasiri wake.

Sasa nifike kwenye wadudu. Katika mtaala wake kulikuwa na somo la kupima ardhi, nalo lilifundishwa nje. Kila ulipofika mwezi wa Mei Fabre aliwatoa wanafunzi mara moja kwa juma, wakaenda na mnyororo wa kupimia na vigingi kwenye uwanda wa mawe nje ya mji. Akagundua kwamba kazi haiendi. Mwanafunzi aliyetumwa kusimika kigingi mbali alisimama njiani, akainama, akainuka, akainama tena. Mwingine aliokota jiwe badala ya kushika mnyororo. Wengine walikuwa na vijiti vya majani makavu vinywani. Fabre alipouliza akaambiwa kwamba kuna nyuki mkubwa mweusi ajengaye vyumba vya udongo juu ya mawe, kwamba ndani yake mna asali, na kwamba asali hiyo hufyonzwa kwa bua. Watoto walikuwa wakiijua habari hiyo siku zote. Mwalimu ndiye aliyekuwa hajui.

Angeweza kuwaadhibu. Alichagua kuinama pamoja nao, na jiometri ikangoja kidogo. Kisha akataka kumjua nyuki yule zaidi ya vile watoto walivyomjua. Kitabu kilichoeleza habari za wadudu kiliuzwa mjini kwa bei iliyolingana na mshahara wake wa mwezi mzima. Akakinunua, akakisoma mara nyingi usiku na mchana. Sishauri mwalimu mwenye mke na watoto amwige katika hilo, lakini ukweli ni kwamba kazi yake yote iliyofuata ilitokana na ununuzi ule.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya jasho. Bila mwalimu alijifunza hisabati, akapata shahada ya hisabati na baadaye ya fizikia, huku akifundisha kutwa. Mwaka 1849 alipelekwa Ajaccio katika kisiwa cha Corsica kufundisha fizikia. Huko mtaalamu wa mimea na wanyama, Moquin-Tandon, alimwonyesha jinsi ya kupasua konokono ndani ya sahani ya maji kwa kutumia mkasi na sindano za kushonea. Vifaa vya kununua havikuwapo wala havikuhitajiwa. Mwaka 1853 alihamia shule ya sekondari ya Avignon, na mwaka 1855 alipata udaktari wa sayansi mjini Paris. Hata hivyo mshahara wake ulibaki faranga 1,600 kwa mwaka, naye akaishi humo karibu miaka kumi na minane bila nyongeza.

Uchunguzi uliomtangaza ulihusu nyigu mmoja awindaye dundu. Nyigu huyo huwafukia dundu ardhini wawe chakula cha watoto wake, nao hukaa muda mrefu bila kuoza. Mtaalamu mashuhuri Léon Dufour alikuwa ameeleza kwamba nyigu huwaua dundu na kwamba sumu yake huwazuia wasioze. Fabre alisoma maelezo hayo kwa furaha kubwa, kisha akaenda kutazama mwenyewe. Akaona kwamba dundu hawakufa. Nyigu huwachoma mahali penye mishipa ya fahamu, wakapooza, wakabaki hai bila kuweza kwenda. Wachunguzi wa baadaye wameonyesha kwamba kisu cha nyigu si sahihi kila mara kama Fabre alivyodhani, lakini jambo la msingi lilisimama, na mwaka 1856 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpa tuzo.

Ili kuona hayo ilibidi akae. Siku moja wanawake watatu waliokuwa wakienda kuchuma zabibu walimkuta asubuhi ameketi bondeni akitazama ardhi. Waliporudi jioni walimkuta palepale, wakamwonea huruma wakidhani ni mtu aliyepungukiwa akili. Kusubiri namna hiyo ndiyo sehemu ya uchunguzi ambayo vitabu vyetu vya kiada huiruka.

Hapa pana swali ambalo mwanachuo atalikuta darasani. Tunapomwambia mtoto habari za wanyama wa porini, mara moja hufikiri simba, tembo na twiga, wanyama ambao watoto wengi wa shule zetu hawajapata kuwaona ila katika picha. Nyigu ajengaye nyumba ya udongo juu ya dirisha la darasa ni mnyama wa porini pia, na hakuna aliyemfuga. Mara nyingi kazi ya kwanza ya kiranja ni kuibomoa nyumba hiyo kwa fagio. Fabre naye hakuwa na mikono safi kabisa: alipasua wadudu wengi, akawatesa wengine kwa majaribio yake. Lakini alilalamika kwamba wataalamu wa wakati wake waliwajua wanyama kwa pini na sanduku tu, naye akataka wajulikane wakiwa hai, mahali pao, wakifanya kazi zao. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa.

Mwaka 1865 Louis Pasteur, aliyetumwa kuchunguza ugonjwa wa viwavi wa hariri, alimtembelea Fabre. Pasteur aliomba kuonyeshwa vifukofuko vya hariri. Akakitikisa kimoja karibu na sikio, akastaajabu kusikia kwamba ndani yake mna kitu. Fabre alishangaa kuona mtu asiyejua hata hilo akitumwa kuokoa kilimo cha hariri. Na Pasteur akafanikiwa. Tangu siku hiyo Fabre alijizoeza kumwendea mdudu kana kwamba hakuna kitabu kilichopata kuandikwa juu yake.

Sifa zilikuja, na taabu pamoja nazo. Waziri wa Elimu Victor Duruy alimpenda, na mwaka 1868 Fabre alipewa nishani ya heshima, akapelekwa mbele ya Mfalme Napoleon wa Tatu. Wakati huo alikuwa akitoa masomo ya jioni ya bure mjini Avignon, nayo yalihudhuriwa na watu wengi, wakiwamo wasichana. Aliwaeleza jinsi chavua ifikavyo kwenye ua. Watu fulani wa mji walishutumu jambo hilo kuwa ni aibu mbele ya wasichana. Duruy alikuwa ameondoka madarakani mwaka 1869, na Fabre hakuwa na mtetezi. Wenye nyumba aliyopanga wakampa mwezi mmoja ahame, naye ana watoto watano. Aliyemwokoa ni rafiki yake Mwingereza, mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyemkopesha faranga 3,000 bila hati yoyote. Fabre aliacha kazi ya serikali, akahamia Orange, akaishi kwa kuandika vitabu vya shule. Aliandika makumi ya vitabu hivyo, akalipa deni lote. Huko Orange, mwaka 1877, alifiwa na mwanawe Jules, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa mwenzake katika kutafuta wadudu. Nyigu watatu aliowaeleza katika kitabu chake aliwapa jina la kijana huyo.

Mwaka 1879 ndipo alipopata alichokitamani kwa miaka arobaini: kiwanja kama cha hekta moja karibu na kijiji cha Sérignan, ardhi ya mawe na miiba isiyofaa kulimwa. Kwa sababu hiyo hiyo iliwafaa nyuki na nyigu. Mwaka huo huo lilitoka buku la kwanza la kumbukumbu zake za wadudu. La kumi lilitoka mwaka 1907.

Humo mna majaribio ambayo mwalimu hatachoka kuyasimulia. Mwaka 1896 aliwaacha viwavi wafuatanao kwa mstari wapande ukingo wa chungu kikubwa cha maua mpaka mstari ukawa duara lisilo na kiongozi. Walizunguka kwa siku saba, zaidi ya mara 300, huku chakula chao kikiwa karibu, kabla ya wachache kuangukia njia ya kushuka. Usiku mwingine wa Mei nondo madume wakubwa wapatao arobaini waliingia nyumbani mwake, wakimtafuta jike mmoja aliyezaliwa asubuhi hiyo ndani ya chumba. Fabre alikisia kwamba ni harufu isiyosikika na pua ya binadamu. Mwaka 1959 wanakemia walipambanua kwa mara ya kwanza harufu ya namna hiyo, kutoka kwa nondo wa hariri. Na siri ya dundu aviringishaye kinyesi, aliyoitafuta kwa miongo kadhaa, aliletewa na kijana mchungaji wa kondoo: tonge ambamo yai hutagwa halina umbo la mpira, bali la pea.

Nadharia ya Darwin juu ya mageuko ya viumbe hakuikubali hadi mwisho, na katika hilo sayansi haikumfuata. Hata hivyo wawili hao waliandikiana barua kwa heshima. Darwin alimshauri awachukue nyuki wa mawe upande usio wa safari, awazungushe ndani ya sanduku, kisha awaachie aone kama watapotea. Fabre alifanya hivyo, na nyuki wengi wakarudi nyumbani. Darwin alifariki mwaka 1882.

Fabre hakuwa na pensheni, na uzee wake ulikuwa wa dhiki mpaka marafiki walipomfanyia sherehe mwaka 1910 na ulimwengu ukamkumbuka. Mwaka 1913 Rais Poincaré alikwenda Sérignan kumwamkia. Alifariki tarehe 11 Oktoba, 1915, akiwa na umri wa miaka tisini na mmoja. Mwaka 1922 serikali ya Ufaransa ilikinunua kiwanja chake pamoja na nyumba, vikahifadhiwa kuwa makumbusho.