Fred Russell na mdoli wake Coster Joe

Kwenye ukurasa huu wa maisha ya watu, safari hii tunaenda mbali, mpaka London, Uingereza. Najua kuna watakaouliza: juu ya nini Mwingereza mchekeshaji, tena aliyekufa zamani? Someni kwanza. Mambo yake yanagusa sanduku letu la michango kuliko mnavyofikiri.

Jina alilopewa kwao ni Thomas Frederick Parnell, mzaliwa wa London, tarehe 29 Septemba 1862. Kabla ya kujulikana alikuwa mhariri wa gazeti la mtaa, Hackney and Kingsland Gazette. Lakini alikuwa na kipaji kingine: kusema bila kutikisa midomo, huku mdoli wa mbao akifungua na kufunga kinywa, hata mtu anaapa kwamba ni mdoli ndiye anasema.

Hakuna uchawi hapo. Zamani watu walidhani sauti ile inatoka tumboni, kumbe inatoka kooni kama sauti yoyote. Herufi nyingi zinatamkwa kwa ulimi, ndani, hakuna anayeziona. Shida ni b, m na p, juu hizo zinataka midomo igusane. Jaribuni mbele ya kioo: bana meno, acha midomo wazi kidogo, kiisha sema mama. Itatoka nana. Baba itatoka dada, na watoto nyumbani watacheka mpaka kulala. Fundi mwenyewe anagusisha ulimi nyuma ya meno, anatoa kitu kinachokaribia b, anapita haraka. Sikio la msikilizaji linamalizia lenyewe, maana macho yake yako kwenye kinywa cha mdoli.

Mwaka 1896 jumba la Palace Theatre la London likampa kazi, naye akaacha gazeti moja kwa moja. Jina la Parnell lilikuwa na matatizo. Kulikuwa na mwanasiasa wa Ireland, Charles Stewart Parnell, aliyeanguka kwa kesi ya ndoa mwaka 1890, na jina hilo lilikuwa bado linagombanisha watu. Basi jukwaani akajiita Fred Russell.

Wengi waliofanya kazi hiyo kabla yake walipanga wadoli wengi jukwaani, kama familia nzima. Russell akabaki na mmoja, akamkalisha kwenye goti. Huyo njo Coster Joe. Coster, kwa watu wa London, ni mchuuzi wa matunda na mboga anayesukuma mkokoteni barabarani. Tunawajua watu hao, hata kwetu wapo: mdomo hauchoki, na hawamwogopi mkubwa yeyote. Bwana amevaa suti nzuri, mchuuzi yuko gotini anamjibu anavyotaka. Mtindo huo wa mazungumzo ya mtu na mdoli mmoja uliigwa sana, na mpaka leo wengi wanamwita Russell baba wa sanaa hiyo ya kisasa.

Sasa tufike kwenye sababu iliyotufanya tuandike.

Wasanii wa nyumba za maonyesho za London walikuwa na chama cha kusaidiana kilichoanza mwaka 1889. Kilianza kwa farasi mdogo! Wasanii wachache walikuwa naye, anashinda mashindano ya mbio, na feza ya ushindi wakaanza kuwasaidia wenzao waliokosa kazi. Siku moja farasi huyo alilowa mvua, mtu akamfananisha na panya wa maji, na chama kikapata jina hilo, Water Rats. Russell alikuwa mwanachama, tena alifika kuchaguliwa mkuu wao, cheo wanachokiita Mfalme wa Panya.

Kusaidia mwenye njaa ni kuzuri. Ila wenzetu hao waliona kila mwaka wanasaidia watu walewale, na umaskini wao una sababu. Nyumba za maonyesho zilikuwa zimeingia mikononi mwa makampuni machache. Wenye nyumba waliongeza maonyesho ya mchana bila malipo ya ziada. Mkataba ulimkataza msanii kufanya kazi kwenye nyumba nyingine ya jirani kwa muda fulani, na waliweza kumhamisha toka nyumba moja kwenda nyingine bila kumuuliza. Sanduku la msaada haliwezi kujaza shimo la namna hiyo, na mimi naona wafadhili pia wanapenda kulijua hilo.

Mwaka 1906 Russell na wenzake, akiwemo mchekeshaji Joe O'Gorman, wakaanzisha sendika yao, Variety Artistes' Federation. Ikawa na gazeti lake, The Performer, na ule ufundi wa zamani wa uhariri ukarudi kumfaa Russell.

Tarehe 22 Januari 1907 greve ikaanza, au mgomo kama tulivyozoea kusema tulipokuwa Tanzania. Ilianzia Holborn Empire, ikaenea kwenye nyumba nyingine za London. Waliungana wasanii, wapiga muziki na wafanyakazi wa nyuma ya jukwaa. Wenye nyumba walitafuta wasanii wengine wa kuziba nafasi. Aliyeshangaza wengi ni Marie Lloyd, mwimbaji aliyelipwa vizuri kabisa na asiyekuwa na shida yoyote na mkataba wake. Alisimama na wale wadogo, wanaolipwa pauni chache kwa juma. Katika vyama, wenye nafuu njo wa kwanza kutoroka, kwa hiyo jambo hilo si dogo.

Baada ya kama majuma mawili pande zote zikakubali msuluhishi, George Askwith. Uamuzi wake ulitoka mwaka huohuo: wapiga muziki wakapata kiwango cha chini cha mshahara, na masharti ya mikataba yakapunguzwa ukali. Hawakupata yote waliyodai.

Kuna jambo moja linanichekesha. Mtoto wa Russell, Val Parnell, alirudia jina la ukoo, akaingia upande wa wenye nyumba. Mwaka 1945 akawa mkurugenzi wa Moss Empires, moja ya makampuni makubwa kabisa ya nyumba hizo. Mtoto mwingine alifuata kazi ya mdoli, kwa jina la Russ Carr.

Mwaka 1948 serikali ilimpa Russell nishani ya OBE. Alifariki Oktoba 1957, akiwa na miaka 95. Sendika yake iliendelea miaka mingine kama kumi, kiisha ikaungana na Equity, ile ya waigizaji.