Dakta Johnson na Maneno Madogo ya Kiingereza

Leo nataka kuwasimulia maisha ya Dakta Samuel Johnson, Mwingereza aliyetunga kamusi mashuhuri ya lugha yake. Lakini kwanza sharti niwaeleze jambo lililonikumbusha bwana huyo, nalo lilinipata mahali ambapo yeye hakupata hata kupaota, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, katika Sudan Kusini.

Nilikuwa Juba nikiandika hesabu za duka moja. Ikanijia habari kwamba baba yangu yu mgonjwa sana, nikakata tikiti ya kurudi nyumbani kwa njia ya Nairobi. Uwanjani nilikuta watu wengi, na lugha zao nyingi: Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kibari, na Kiswahili cha wafanya biashara wa Uganda na Kenya. Matangazo yalikuwa kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha rasmi ya nchi ile tangu ilipopata uhuru tarehe 9 Julai, 2011. Nikasikia kwamba ndege yetu imekuwa "put off". Mimi "put" naijua, ni kuweka. "Off" naijua, ni kuondoka juu ya kitu. Nikajumlisha kama mtu wa hesabu, nikapata kwamba safari imefutwa. Basi nikabeba mzigo wangu, nikarudi mjini.

Kumbe maana yake ni kuahirishwa tu, tena kwa saa tatu. Kama ingalifutwa, wangalisema "called off". Rafiki yangu wa mjini aliponifahamisha, nilikimbia mbio, lakini nilipofika ndege ilikuwa imekwisha ruka. Nilisafiri kesho yake. Nilimkuta baba angali hai, ila hakuweza tena kusema. Ndugu zangu waliniambia kwamba jana yake alikuwa akiuliza habari zangu.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe, wala simlaumu mtu. Ila usiku ule niliolala Juba nilimkumbuka mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyetusimulia habari za Dakta Johnson nasi tukasinzia.

Johnson alizaliwa tarehe 18 Septemba, 1709, katika mji wa Lichfield. Baba yake alikuwa muuza vitabu, naye hakuwa tajiri. Utotoni alipatwa na ugonjwa wa tezi za shingo uliomwachia makovu, na jicho lake moja halikuona vizuri maisha yake yote. Hata hivyo alisoma vitabu vya dukani kama mwenye njaa alavyo chakula. Mwaka 1728 aliingia Chuo cha Pembroke, Oxford. Viatu vyake vilitoboka hata vidole vikaonekana. Mtu mmoja akamwekea viatu vipya mlangoni kwa siri. Johnson akavitupa, kwa kuwa hakutaka kuonewa huruma. Baada ya miezi 13 fedha zikamwishia, akatoka chuoni bila shahada.

Mwaka 1735 alimwoa mjane aitwaye Elizabeth Porter, aliyemzidi umri kwa miaka 20 hivi, na kwa fedha za mkewe akafungua shule. Wanafunzi wakawa wachache mno, shule ikafa. Mwaka 1737 akashika njia ya London pamoja na mwanafunzi wake mmoja, David Garrick, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mkuu wa Uingereza. Huko Johnson aliishi kwa kalamu yake, na mara nyingi alikuwa na dhiki.

Mwaka 1746 wauza vitabu wa London walipatana naye atunge kamusi kwa gini 1,500, yaani pauni 1,575, na katika fedha hizo awalipe wasaidizi wake. Aliahidi kuimaliza kwa miaka mitatu. Ikamchukua karibu tisa. Kazi aliifanya katika dari ya nyumba yake ya Gough Square, pamoja na waandishi sita. Yeye alisoma vitabu, akapiga mstari chini ya kila neno alilolitaka, nao wakanakili sentensi zenye maneno hayo. Mwaka 1752 mkewe akafa, naye akaendelea na kazi kwa majonzi. Kamusi ikatoka tarehe 15 Aprili, 1755, vitabu viwili vikubwa vyenye maneno zaidi ya 42,000.

Sasa nafika kwenye jambo langu. Katika dibaji yake Johnson alieleza kwamba liko kundi moja la maneno ya Kiingereza ambalo huwasumbua wageni kuliko yote. Ni vitenzi vifupi vya kila siku vinavyofuatwa na neno dogo, na lile neno dogo hugeuza maana yote. Aliyakusanya kwa uangalifu, lakini hakujisifu kwamba ameyamaliza. Neno "take" peke yake alilipa maana 134. Na katika mifano yake yumo "take off". Je, mwafikiri alilieleza kuwa ni kuruka kwa ndege? La, ndege hazikuwako. Yeye alilieleza kuwa ni kunakili. Hivyo twaona kwamba maneno haya hayakai mahali pamoja. Kila kizazi huyapa kazi mpya.

Angalieni neno "look", yaani kutazama. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, na "look down on" ni kudharau. Tena uko utaratibu wa kuyapanga. Mwingereza aweza kusema "put off the journey" au "put the journey off". Lakini akitumia "it", husema "put it off" tu, wala hasemi "put off it". Ila "look after it" haigawanyiki hata kidogo. Anayetafsiri neno moja moja atapotea, kama nilivyopotea mimi.

Tusiwacheke Waingereza, kwani nasi tuna yetu. Mgeni akijua kwamba kukata ni kazi ya kisu, atafanyaje akisikia kukata tamaa, kukata shauri, kukata kiu, kukata tikiti na kukata roho? Kisu hakimo. Dawa ni moja kwake na kwetu: kulishika fungu zima la maneno pamoja na sentensi yake, kama Johnson alivyofanya.

Baada ya kamusi Johnson alipata heshima, na tangu mwaka 1762 mfalme alimpa pauni 300 kila mwaka. Alichukia utumwa, na mtumishi wake Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica, alimfanya mrithi wake. Alifariki tarehe 13 Desemba, 1784, akazikwa Westminster Abbey.

Nchi zetu hakuzifikia, lakini fikira zake zilifika karibu. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1735, kilikuwa tafsiri ya safari za padre Mreno Jerónimo Lobo katika Uhabeshi, alikoona chemchemi ya Nile ya Buluu. Na mwaka 1759 alitunga hadithi ya Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi. Hadithi hiyo aliiandika upesi jioni za juma moja, ili apate fedha za maziko ya mama yake. Alikuwa hajamwona mama yule kwa karibu miaka 20, na alipofariki Johnson alikuwa London, hakuwahi kumwona.

Habari hiyo ya mwisho mwalimu wetu hakutuambia, au labda nilikuwa nimesinzia. Niliisoma mwenyewe baada ya maziko ya baba. Basi, ndugu zangu wadogo, mwalimu akiwapa maneno madogo msiyadharau, wala msione haya kumwuliza jirani maana yake. Mimi sikuuliza, na jirani yangu alikuwa amekaa kando yangu katika benchi lile lile.