Boethius, Mfungwa Aliyetetea Hiari ya Mwanadamu

Mtu akipatwa na msiba husema ndivyo alivyoandikiwa, naye apata faraja. Lakini yuko pia atendaye uovu akasema maneno hayo hayo ili ajiondolee lawama. Je, ikiwa kila jambo lina sababu yake, tena Mwenyezi Mungu alilijua tangu milele, sisi wanadamu tunayo hiari ya kweli? Swali hili liliulizwa na mtu aliyekuwa akingojea kuuawa, na kwa hiyo twaona yafaa tuyasimulie maisha yake.

Boethius alizaliwa Italia yapata mwaka 480, katika ukoo mkubwa wa Roma. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, akalelewa na Symmachus, mzee mwenye heshima, ambaye baadaye alimwoza binti yake Rusticiana. Alikijua sana Kigiriki, akakusudia kutafsiri kwa Kilatini vitabu vyote vya Plato na Aristotle. Kazi hiyo hakuimaliza. Lakini vile vitabu vya mantiki alivyovitafsiri vilifundishwa katika shule za Ulaya kwa karne nyingi.

Siku hizo Italia ilitawaliwa na Theodoric, mfalme wa Wagoti. Mwaka 510 Boethius alikuwa konsuli. Mwaka 522 wanawe wawili wakawa makonsuli pamoja, naye akapewa ukuu juu ya maofisa wa mfalme.

Haukupita muda mrefu, mjumbe mmoja wa Senati, jina lake Albinus, akashtakiwa kwamba amefanya shauri la siri na Kaisari wa Konstantinopoli. Boethius angaliweza kunyamaza. Hakunyamaza, alimtetea, akisema kwamba kama Albinus ana hatia, basi yeye mwenyewe na Senati nzima wana hatia hiyo hiyo. Mashtaka yakamgeukia yeye. Akafungwa upande wa Pavia, mbali na Roma, akahukumiwa pasipo kusikilizwa, na yapata mwaka 524 akauawa.

Kifungoni aliandika kitabu kiitwacho Faraja ya Falsafa. Humo Falsafa amjia kwa sura ya mwanamke mwenye adhama, nao wanajadiliana. Mfungwa aanza kwa kulalamika jinsi bahati ilivyomgeuka. Mwisho wafikia swali la hiari.

Kwanza waipima bahati yenyewe. Mkulima alima shamba ili apande, na jembe lake lagonga dhahabu iliyofukiwa. Watu husema ni bahati. Lakini yuko aliyeifukia dhahabu ile, na yuko aliyelima mahali pale. Sababu mbili zimekutana pasipo wenyewe kukusudia. Bahati, basi, si jambo lisilo na sababu.

Je, hiari yetu imefungwa katika mnyororo huo wa sababu? Mtakatifu Augustino alikwisha kufundisha kabla yake kwamba nia zetu zenyewe zimo katika hesabu ya sababu. Naye Boethius ashika kwamba kiumbe mwenye akili hupima, hukubali na hukataa. Pasipo hiari akili yake ingekuwa bure.

Likabaki fundo gumu zaidi: ikiwa Mungu ajua nitakalotenda kesho, naweza kutenda lingine? Boethius ajibu kwamba Mungu hayumo ndani ya wakati kama sisi. Kwake jana, leo na kesho viko wazi kwa pamoja. Tukimwona mtu akitembea huku jua likichomoza, twaona mambo mawili kwa mtazamo mmoja: jua halina budi kuchomoza, bali mtu yule angaliweza kuketi. Macho yetu hayakumlazimisha kutembea. Vivyo hivyo kuona kwake Mungu hakuondoi hiari yetu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliyapokea maelezo yake juu ya umilele na kuyatetea.

Boethius aliona wazi hasara iliyopo kama hiari haipo: thawabu na adhabu havina haki, na sala haina maana. Naye alikuwa na haki ya kulisema hilo, kwa kuwa siku ile aliyosimama kumtetea Albinus hakuna aliyemlazimisha. Mungu aliijua siku hiyo, lakini aliyesema ni Boethius.

Mwaka 1883, wakati wa Papa Leo XIII, Kanisa lilithibitisha heshima ambayo waamini wa Pavia walikuwa wakimpa tangu zamani. Nasi wazazi tujihadhari tusimwambie mtoto mkaidi kwamba ndivyo alivyoumbwa. Malezi, umaskini na marafiki ni sababu zenye nguvu, wala hatuzikani. Lakini nia ya mtoto nayo ni sababu, na yapasa tumfundishe kuitumia.