Kapiteni Joubert wa Mpala

Mtu wa Niemba akifuata reli kwenda mashariki, hufika Kalemie, penye ziwa Tanganyika. Kusini yake, kando ya ziwa, ziko Mpala na Moba. Huko ndiko alikokaa Kapiteni Joubert.

Leopold Joubert alizaliwa Saint-Herblon, Ufaransa, mwaka 1842. Alipopata miaka 18 alikwenda kuwa askari wa Papa Pio wa Tisa. Mwaka 1870 mji wa Roma ulitekwa, naye akarudi kwao.

Siku zile watu wa ziwa walikuwa katika mateso makuu. Wafanya biashara ya watumwa walivamia vijiji, wakachoma nyumba, wakawafunga watu minyororo. Mapadri Weupe walifika ziwani mwaka 1879, lakini hawakuwa na nguvu ya kuwalinda wale waliowakimbilia. Mwaka 1880 Joubert alijitoa kuwasaidia. Mwaka 1885 alirudi Ulaya, lakini hakuweza kuwasahau watu wa ziwa. Akaja tena, akafika Mpala mwezi wa tatu mwaka 1887. Hakuiona Ufaransa tena.

Dola ya Kongo ilikuwa imetangazwa, lakini Mpala hapakuwa na askari wake wala hakimu. Kwa hiyo Joubert alikuwa jemadari, tena mwamuzi. Aliwafundisha vijana kutumia bunduki, akasikiliza mashauri ya watu. Adui walikuwa wengi, risasi chache. Yeye angaliweza kwenda zake; watu wale hawakuwa na pa kukimbilia. Basi akabaki. Vijana wa Mpala walishika silaha pamoja naye, na bila wao asingaliweza kitu.

Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, binti wa nchi ile. Hivyo kwao mkewe pakawa kwake.

Mwaka 1891 Kapiteni Jacques, Mbelgiji, alileta msaada. Akajenga boma la Albertville, ndicho chanzo cha mji wa Kalemie. Mwaka 1894 nguvu ya Rumaliza, mkubwa wa wafanya biashara ya watumwa huko Ujiji, ilivunjika.

Vita ikaisha. Mtu aliyezoea kutoa amri mara nyingi hapendi kuiacha. Lakini Joubert aliweka bunduki chini, akawaachia wengine ukubwa. Alikaa na jamaa yake kama mkristu mwingine yeyote, akifundisha dini na kuwatunza wagonjwa. Ugonjwa wa malale ulipozidi, mwaka 1910 alihamia karibu na Moba. Huko alikufa tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85.

Alipewa nguvu ili awalinde wanyonge. Kazi ilipokwisha, aliirudisha nguvu, lakini watu hakuwaacha.

Maulizo
1. Kwa nini Joubert hakukimbia Mpala?
2. Nani walimsaidia kupigana?
3. Vita ilipokwisha alifanya nini?